Mikono ya mgeni mfukoni: kisa cha karakana ya Ajoya

Kwenye zahanati za vijijini, na kwenye makabati ya walimu wastaafu, si ajabu kukuta kitabu kilichochakaa jalada kiitwacho Mahali Pasipo na Daktari. Wengi wetu tulikipekua utotoni, hasa kurasa za michoro ya vidonda na minyoo, tusidanganyane. Wachache tulijua kwamba kilizaliwa kwa Kihispania mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya wakulima wa milima ya Sierra Madre katika jimbo la Sinaloa, magharibi mwa Meksiko. Mwandishi wake, David Werner, alikuwa mwalimu wa biolojia kutoka Marekani aliyefika huko katikati ya miaka ya 1960, akanogewa.

Kituo cha kazi yake kilikuwa Ajoya, kijiji cha watu wapatao elfu moja, mwisho wa barabara ya vumbi. Mwaka 1981 likazuka hapo jambo la pili, ambalo huku kwetu halijulikani sana. Mimi niliyekaa miaka kadhaa kwenye kazi za utengamao vijijini, yaani kumsaidia mwenye ulemavu aweze tena shughuli zake, limenifundisha kuliko kitabu chenyewe. Kikundi cha vijana wenye ulemavu, wengi wao hawakuvuka shule ya msingi, walifungua huduma ya utengamao na kuiendesha wenyewe. Wakaiita PROJIMO. Herufi hizo kwa Kihispania zinasimamia mpango wa utengamao ulioandaliwa na vijana wenye ulemavu wa Meksiko ya magharibi. Lakini prójimo pia ni neno la kawaida, maana yake jirani, yule wa amri ya “mpende jirani yako”.

Waliobaki kijijini

Kabla ya PROJIMO kulikuwa na mtandao wa wahudumu wa afya wa vijijini ambao Werner na wanakijiji waliujenga kwa miaka kumi na tano hivi. Baada ya muda wakagundua kitu ambacho hakikupangwa: baadhi ya wahudumu waliofanya kazi kwa moyo na kwa umakini zaidi walikuwa wale wenye ulemavu. Ukiwaza kikulima unaona ni kwa nini. Kijana mwenye miguu miwili mizima alikwenda shambani alfajiri, au alivuka mpaka kutafuta vibarua Marekani. Aliyepooza mguu kwa polio alibaki, akawa na muda, na alikuwa na sababu ya kutumia kichwa kuliko mgongo. Werner mwenyewe ana ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli ya mikono na miguu, na utotoni alivalishwa vifaa vya miguu vilivyomuumiza kuliko kumsaidia. Hilo nalo lina uzito katika kisa hiki.

Watoto wa polio walikuwa wengi milimani. Waliokuwa na bahati walipelekwa mjini, wakarudi na viatu vizito vyenye vyuma hadi pajani, kwa bei ya kumfilisi mkulima wa mahindi. Mtoto hukua. Baada ya miezi kadhaa chuma hakimtoshi tena, na hakuna wa kukipima upya. Basi viatu vinaning'inizwa ukutani, mtoto anarudi kutambaa. Nimeviona viatu hivyo ukutani katika nyumba za huku pia. Hakuna mzazi anayevitupa, maana vimegharimu ng'ombe.

Mwaka huo wa 1981, ambao Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, wale wahudumu wenye ulemavu wa Ajoya wakaamua kujifunza kutengeneza vifaa wenyewe.

Mgeni akija

Utaratibu wa Ajoya ambao nadhani ndio uliobeba kila kitu ulihusu wageni. Mtaalamu wa fiziotherapia, fundi wa viungo bandia au daktari wa mifupa kutoka mjini au nje ya nchi alikaribishwa kwa sharti moja: amekuja kufundisha. Asichukue mgonjwa akamtibu yeye huku wenyeji wakitazama. Amwelekeze kijana wa kijijini, na kijana ndiye apime mguu, akunje plastiki, akate, ajaribishe, akosee, arudie. Kwa ufupi, mgeni aweke mikono mfukoni.

Ukiisoma haraka unaiona kama adabu tu ya mafunzo. Kwa aliyewahi kupokea “timu ya wataalamu” kijijini, ni mapinduzi. Timu ninazozijua mimi hufika na gari mbili, hupanga watu foleni chini ya mwembe, huhudumia mia moja kwa siku mbili, hupiga picha ya pamoja na kuondoka. Huduma yenyewe huwa nzuri, sibishi. Ila kifaa kikilegea wiki ya tatu hakuna mtu wilaya nzima anayejua kilivyofungwa. Ajoya waliona ni heri kuhudumia wachache kwa mwendo wa kobe, ujuzi ukabaki kwenye mikono itakayokuwepo kesho.

Na mikono hiyo ilikuwa ya nani? Mama aliyetembea siku nzima na mtoto mgongoni alipokelewa na mtu mwenye magongo. Aliyempima mtoto mguu alikuwa amevaa kifaa cha mguu alichojitengenezea mwenyewe. Aliyeandika maelezo alikuwa kwenye kiti mwendo. Kabla hajaambiwa neno lolote la ushauri, mama yule alikuwa amekwishaona kwa macho yake kitu ambacho sisi huwa tunakihubiri semina nzima bila kuaminiwa: kwamba mtoto wake anaweza kuwa mtu mzima mwenye kazi. Familia nyingi zililala kwa wenyeji wa kijiji kwa siku au wiki kadhaa, mama akijifunza mazoezi ya kuyaendeleza nyumbani.

Palikuwa pia na uwanja wa michezo wa mazoezi, wa miti, kamba na matairi, uliobuniwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Wakawaomba watoto wa kijiji waje kusaidia kuujenga, na waliojenga wakawa na haki ya kuuchezea. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akiletwa na mama yake hakukuta chumba cheupe chenye mkeka wa mazoezi. Alikuta kelele za watoto wenzake, na bembea iliyofungwa kwa namna ambayo hata yeye ataikalia bila kuanguka.

Kiti cha mchanga

Niliwahi kushiriki ugawaji wa viti mwendo katika wilaya moja ya pwani. Vilikuwa vipya, vinang'aa, vya aina ya hospitali, magurudumu ya mbele madogo kama ya toroli la dukani. Nilirudi kuvitembelea baada ya miezi minne. Kimoja kilikuwa kimeanikiwa mihogo. Mama mwenye nyumba hakuwa na haya wala hasira. Akaniambia, “Mwanangu, hiki ni cha sakafuni. Sisi hapa tuna mchanga.” Mumewe alikuwa amerudia kujikokota kwa mikono, kwa sababu kufika msikitini hivyo kulikuwa na uhakika zaidi.

Ajoya nako hakukuwa na lami. Aliyewasaidia kuunda viti ni Ralf Hotchkiss, mhandisi Mmarekani anayetumia kiti mwendo tangu ajali ya pikipiki mwaka 1966. Mwaka 1980 alikuwa Nikaragua, akawakuta vijana wanne wakitumia kiti kimoja kwa zamu. Kiti kile walikuwa wamekirekebisha wenyewe hadi kikawa bora kuliko alivyodhani angewafundisha. Tangu hapo akawa anakwenda nchi hadi nchi, akikusanya maarifa ya mafundi wenye ulemavu na kuyarudisha kwenye mchoro mmoja. Kiti kilichotokana na safari hizo kwa Kihispania kiliitwa Torbellino, yaani kimbunga. Mabomba yake ya chuma yanapatikana kwenye duka lolote la vyuma, magurudumu ya nyuma ni ya baiskeli, na fundi baiskeli wa kijijini anaweza kukirekebisha. Gurudumu la mbele lililokuja kuenea katika viti hivyo ni pana, la mpira mtupu, lisilozama mchangani wala kunasa kwenye jiwe. Hilo huitwa gurudumu la Zimbabwe, kwa sababu lilitoka Zimbabwe.

Sitaki kuufanya mchoro uonekane ndio dawa. Kiti bora kikitolewa kwa mtindo ule wa foleni chini ya mwembe, nacho kitaanikiwa mihogo siku bearingi itakapokufa. Karakana ya Ajoya ilikuwa na faida nyingine: anayechomelea kiti anakitumia yeye mwenyewe. Kikimwangusha mtu kwenye kokoto, habari inamfikia fundi jioni hiyohiyo, tena kwa matusi.

Machela ya magurudumu

Sehemu ya kisa hiki niliyoirudia mara nyingi ni ya vidonda.

Miaka ilivyosonga chanjo ilipunguza polio, na sura za wanaokuja Ajoya zikabadilika. Wakaanza kufika vijana waliovunjika uti wa mgongo, wengi kwa risasi, maana Sinaloa ni moyo wa biashara ya dawa za kulevya ya Meksiko. Huku kwetu wangekuwa wamedondoka kwenye mnazi au mwembe, au wamepata ajali ya bodaboda. Mwili hauchagui chanzo. Chini ya jeraha hakuna hisia, mtu hajui kwamba amekalia mfupa saa nzima, damu haipiti, nyama inakufa. Wengi walifika wakiwa na vidonda vya kulalia vilivyofika mfupani, na baadhi yao walikuwa wameruhusiwa kutoka hospitali wakafie nyumbani, ingawa hakuna aliyelitamka hilo waziwazi.

Tiba waliyoitumia ilikuwa ya bei ya jikoni. Kidonda kinasafishwa, nyama iliyokufa inaondolewa, kisha kinajazwa asali iliyochanganywa na sukari mpaka ikawa nzito, na kufungwa. Mchanganyiko huo hunyonya unyevu na bakteria hawaupendi. Lakini asali haina kazi ikiwa mtu ataendelea kulalia kidonda hichohicho. Lazima alale kifudifudi, wiki nyingi, pengine miezi. Sasa fikiria kijana wa miaka ishirini, ambaye juzi alikuwa anapanda farasi, leo anatazama sakafu ya udongo mchana kutwa. Hapo ndipo wengi hufa, na cheti cha kifo hakiandiki kwamba amekufa kwa kukata tamaa.

PROJIMO waliunda machela nyembamba za magurudumu, zenye magurudumu makubwa ambayo mtu aliyelala kifudifudi anaweza kuyasukuma kwa mikono yake mwenyewe. Kidonda kiko juu, kinapata hewa. Mikono iko huru. Kijana anajisukuma hadi karakana, anawekwa mezani, anapewa tupa au kisu na kipande cha mbao, anatengeneza mwanasesere au anang'arisha chuma. Anapiga soga na mwenzake aliyepigwa risasi miaka mitatu kabla yake, ambaye sasa ana kiti, ana ujira na ana mchumba. Kabla kidonda hakijafunga, amekwishajua anaweza kufanya nini. Tena anajifunza kutoka kwa mwenzake, si kwa nesi, namna ya kujiinua kwa mikono kila baada ya dakika chache akiwa kitini, namna ya kutumia mpira wa mkojo kwa usafi, na kwa nini mto wa tyubu za baiskeli unaponya kuliko godoro la gharama lililokaa vibaya.

Katika kazi yangu nimewahi kumuuliza afisa mmoja kwa nini hatuna hata machela moja ya namna hiyo wilayani. Akasema haimo kwenye orodha ya vifaa. Nadhani alisema kweli.

Kujitegemea ni neno la nani?

Wakati vijana wa Ajoya wanaanza, kulikuwa tayari na vuguvugu la maisha ya kujitegemea Marekani. Kituo chake cha kwanza kilifunguliwa Berkeley, California, mwaka 1972. Jina lililoshikamana nacho ni Ed Roberts, mtu aliyepooza kwa polio kiasi cha kuhitaji mashine ya chuma ya kupumulia usiku. Aliingia Chuo Kikuu cha California pale Berkeley mwaka 1962. Madai yao yalikuwa ya mjini: njia za waenda kwa miguu zisiwe na ngazi, mabasi yenye lifti, msaidizi anayelipwa na serikali na kuajiriwa na mwenye ulemavu mwenyewe. Mwaka 1977 walikalia jengo la serikali San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu ili kanuni za sheria ya kupinga ubaguzi zitiwe saini.

Upande wa pili, baada ya mkutano wa kimataifa wa afya ya msingi uliofanyika Alma-Ata mwaka 1978, Shirika la Afya Duniani likaanza kueneza utengamao katika jamii. Huo ulilenga vijiji. Mtu wa kijijini anafundishwa kwa mwongozo, anazunguka nyumba kwa nyumba, anasimamiwa kutoka wilayani. Ulifika kwa maskini, jambo ambalo Berkeley hawakuliweza. Kasoro yake, ambayo Werner aliisema mapema, ni kwamba mwenye ulemavu alibaki kuwa nyumba inayotembelewa, na aliyeshika daftari alikuwa mtu mwingine.

Ajoya walichanganya vyote viwili bila kusubiri ruhusa ya upande wowote. Na hapa lugha yetu inanisaidia. Kwa Kiingereza cha Berkeley, kujitegemea kuna harufu ya mtu mmoja, mlango wake, ufunguo wake. Sisi Watanzania neno hili tulilipokea kwenye Azimio la Arusha mwaka 1967, na halikumhusu mtu mmoja hata kidogo. Lilihusu watu kuamua mambo yao kwa nguvu walizonazo. Kijijini hakuna anayeishi bila kuchotewa maji na mtu siku moja au nyingine, awe na miguu au asiwe nayo. Ukimwambia mzee wa Lindi kwamba lengo la huduma yako ni mwanawe aishi peke yake, atakuuliza amekosa nini. Ukimwambia mwanawe atakuwa fundi, ataoa, na ataamua mwenyewe lini atoke na lini alale, mnaelewana. PROJIMO, kwa jina lake lile la jirani, walikuwa karibu na mzee wa Lindi kuliko na Berkeley.

Palipovuja

Kisa hiki hakina mwisho wa ngano. Wale vijana wa risasi hawakuja peke yao. Walikuja na desturi za magenge, ulevi na dawa za kulevya, na kikundi kilichoendeshwa kwa kuaminiana kilipata tabu kubwa kuwadhibiti. Huwezi kumfukuza mtu mwenye kidonda cha mfupani, naye analijua hilo. Nje ya uzio hali ilikuwa mbaya zaidi. Ujambazi na utekaji nyara uliwafanya watu waihame Ajoya, na mwishoni mwa miaka ya 1990 PROJIMO nayo ikahama.

Udhaifu mwingine ulikuwepo tangu siku ya kwanza, na ni wa hesabu. Karakana ya kijijini ina wateja wasio na pesa. Mkulima analipa anachoweza, pengine gunia, pengine siku mbili za kazi. Chuma hakiuzwi kwa gunia. Pengo hilo lilizibwa na wafadhili wa nje, na kwa hiyo uhuru wa kuamua ulikuwa wao, lakini pumzi ilikuwa ya kuazima.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao kwa bahati nzuri wazo lake lililetwa na Meksiko mwaka 2001, unasema katika ibara ya 26 kwamba huduma za utengamao ziwe karibu iwezekanavyo na watu wanakoishi, vijijini pia. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009. Kwetu halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Nimeona mikopo hiyo ikinunua kuku, cherehani, bajaji. Sijaona ikianzisha karakana ya viti. Simlaumu mkopaji, maana mkopo hurejeshwa, na mnunuzi wa kiti ndiye asiye na pesa kuliko wote kijijini. Karakana ya aina ya Ajoya haitasimama kwa mkopo. Inataka mnunuzi, na mnunuzi mwenye uwezo ni halmashauri yenyewe, ikiacha kuagiza viti vya sakafuni.

Baada ya kuhama, kazi iligawanyika. Utengamao ulikwenda Coyotitán, kijiji kilicho jirani na barabara kuu inayokwenda Mazatlán, na kikundi cha ufundi na ajira kikajikita Duranguito, kikiendelea kuchomelea viti. Coyotitán mabasi yanapita karibu, na mama mwenye mtoto mgongoni hatembei tena siku nzima. Waliokuwa juu milimani zaidi ya Ajoya, ambao kwa ajili yao kila kitu kilianza, safari yao ndiyo iliyorefuka.